Picasso na wanawake wa chemchemi

Baridi ya jana ilinisukuma makumbusho ya MoMA hapa New York, nikakutana na mchoro wa Picasso wa 1921: wanawake watatu chemchemini na mitungi yao, wanene, wametulia kama sanamu za Wagiriki wa kale. Nikashangaa. Si ndiye huyuhuyu aliyekuwa akikata sura za watu vipande vipande?

Kumbe vita vya 1914 hadi 1918 vilikuwa vimekata watu wa kweli. Mwenzake Braque alijeruhiwa kichwani 1915. Wasanii wengi wakarudi kwa wazee wa kale kutafuta utulivu. Ila kule Italia kiu hiyo ilimfaa sana Mussolini. 1926 alifungua mwenyewe maonyesho ya kundi la Novecento, Milan.

Picasso yeye hakufungika: kiangazi kilekile cha 1921 alichora pia wanamuziki watatu, vipande vitupu!