Mzabibu wa uani: Mkasi ndio huamua msimu wa mavuno

KATIKA nchi zenye majira ya baridi kali, mzabibu huzaa mara moja kwa mwaka, kisha hupukutisha majani na kulala. Mkoani Dodoma, ambako wamisionari wa Kikatoliki waliupanda katika eneo la Bihawana karne iliyopita, hakuna baridi ya kuulaza. Huko huvunwa mara mbili: Februari hadi Machi, na Agosti hadi Septemba.

Siri yake ni kupogoa. Takriban miezi minne baada ya matawi kukatwa, zabibu huwa tayari. Vishada hutoka kwenye machipukizi mapya ya matawi yaliyokomaa, hivyo mzabibu usiopogolewa hujaa majani na kutoa matunda haba. Hata mwenye mzabibu mmoja uani hana budi kukata kila tawi na kubakiza macho mawili au matatu. Wengi huuonea huruma mti wao, na huruma hiyo huwanyima mavuno.

Mzabibu huoteshwa kwa pingili ya tawi lililokomaa, wala si kwa mbegu, kwa kuwa mche wa mbegu haufanani na mzazi wake. Shimo lenye kina na upana wa sentimita 60 hujazwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza. Mche huelekezwa kwenye nguzo na waya. Maadui wakubwa ni mchwa, ndege na ubwiri unga, ugonjwa unaopaka majani na matunda vumbi jeupe. Huo huzuiwa kwa unga wa salfa kabla haujaenea.

Zabibu haziivi zaidi zikishachumwa, wala hazikai. Mkulima asiye na mnunuzi siku ya kuvuna hulazimika kupokea bei yoyote atakayotajiwa, na ndiyo maana usindikaji wa nyumbani una uzito kuliko inavyodhaniwa.

Kwa juisi, punje hutenganishwa na vikonyo, huoshwa, hupondwa na kupashwa moto mdogo bila kuchemka, kisha huchujwa kwa kitambaa safi. Hupashwa tena na kujazwa ingali moto katika chupa za kioo zilizochemshwa. Makutupora nyekundu, aina iliyozoeleka Dodoma kwa mvinyo, hutoa juisi yenye rangi nzito. Zabibu kavu zake, hata hivyo, huwa na mbegu.

Ukaushaji hufaa zaidi mavuno ya Agosti na Septemba, kwani yale ya mwanzo wa mwaka huangukia mvua na huoza upesi. Kilo nne za zabibu mbichi hutoa karibu kilo moja ya zabibu kavu.

Juisi inayotoa povu chupani imeanza kuchachuka. Lakini chembe ngumu zinazotuama chini ni chumvi ya asili ya zabibu yenyewe, na hazina madhara.