Gari Lililorudi Chicago

Kila mwanakwaya anaijua safari inayokatizwa. Basi limeshatoka, wimbo wa kwanza umeshaanzishwa kule viti vya nyuma, halafu mtu anakumbuka kwamba joho lake limebaki kwenye kamba ya nguo. Watu wananung'unika, dereva anageuza. Katika historia ya kwaya za injili iko safari moja ya namna hiyo ambayo ningependa tuikumbuke katika jubilii hii.

Mwezi wa Agosti 1932, Thomas Dorsey alitoka Chicago, Marekani, akiendesha gari lake kwenda St. Louis kuimba katika mkutano wa uamsho. Ni mwendo wa kilomita karibu 480, kama Nairobi hadi Mombasa. Alikuwa na umri wa miaka 33. Zamani alipiga piano ya blues kwa jina la Georgia Tom na kufuatana na mwimbaji Ma Rainey, na wako wachungaji walioona kwamba hata nyimbo zake za kanisani zilinuka baa. Makanisa ya Chicago yalikuwa ndiyo kwanza yanamfungulia milango, kwa hiyo mwaliko ule haukuwa wa kudharauliwa. Nyumbani alimwacha mkewe, Nettie, mja mzito aliyekaribia kujifungua.

Hakuwa amefika mbali alipogundua kwamba mkoba wa nyimbo ameusahau. Mwimbaji asiye na nota zake aende kufanya nini? Akageuza gari. Alimkuta Nettie amelala. Alisimulia baadaye kwamba alisita kando ya kitanda, kitu fulani kikimwambia abaki. Hakutaka kumwamsha. Akachukua mkoba, akatoka polepole. Mimi kila nikifika hapa hunibidi ninyamaze kidogo, maana ni wangapi kati yetu tungefanya tofauti, watu wakitusubiri?

Usiku uliofuata, katika joto kali la St. Louis, walimtaka aimbe tena na tena. Alipoketi, kijana akamletea telegramu: mkewe amefariki. Ukumbini watu walikuwa bado wanaimba. Alirudi Chicago akakuta mtoto wa kiume amezaliwa, naye akafariki usiku uo huo. Mama na mwana walizikwa katika jeneza moja.

Dorsey alimkasirikia Mungu, wala hakuficha. Alifikiria kurudia blues. Siku chache baadaye, akiwa na rafiki, aliketi kwenye piano akapapasa sauti ya wimbo wa zamani uitwao Maitland, na maneno mapya yakamjia. Ndio wimbo wa "Precious Lord". Tusidhani kwamba aliutunga akiwa amekwisha kufarijika.

Aliongoza kwaya ya kanisa la Pilgrim Baptist kwa zaidi ya miaka 40. Pia alirudi barabarani, kwa miaka kadhaa pamoja na Mahalia Jackson, akiuza nyimbo karatasi kwa karatasi. Hoteli na mikahawa mingi haikupokea watu weusi, na Mahalia, hata alipokuwa maarufu, alilazimika kula na kulala garini.

Tarehe 4 Aprili 1968, mjini Memphis, Martin Luther King alimwomba mwanamuziki Ben Branch aupige wimbo huo katika mkutano wa usiku ule, tena aupige vizuri. Muda mfupi baadaye King alipigwa risasi. Kwenye mazishi yake, Mahalia ndiye aliyeuimba.