Kutoka Kupambwa hadi Kujipamba: Historia Fupi ya Midomo Mekundu katika Lugha na Jamii ya Waswahili

1. Utangulizi

Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya kueleza tendo la kuupendezesha mwili: kupamba, kuremba, kupodoa na kukwatua. Vyote hukubali kauli ya kutendwa, na vyote hukubali kiambishi -ji- cha kujirejea. Bibi harusi hupambwa. Mwanamke aendaye kazini hujipamba. Tofauti ya kauli hizi mbili haiishii katika sarufi. Katika kauli ya kwanza, siku, rangi na kiasi cha pambo huamuliwa na wengine: somo, shangazi, wifi, au desturi yenyewe. Katika kauli ya pili, mtenda na mtendwa ni mtu mmoja, na uamuzi umo mkononi mwake.

Pambo moja linaloonyesha vyema safari kutoka kauli ya kwanza hadi ya pili ni rangi nyekundu ya mdomo. Ni jambo dogo kwa umbo, lakini limewahi kuhusishwa na uzalendo, utumwa wa mawazo, adabu na uhuru. Kwa hiyo swali la msingi si kama midomo mekundu ni mizuri au mibaya, bali ni nani mwenye haki ya kuamua.

2. Wekundu wa kale

Neno lipstiki ni mkopo kutoka Kiingereza, na kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba wekundu wa midomo nao ulikuja na meli za Wazungu. Ushahidi wa lugha na wa historia unaonyesha vingine. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, miongoni mwa vitu alivyopelekewa kwa heshima ya ugeni wake ilikuwa sahani ya majani ya tambuu na popoo. Neno tambuu lina asili ya Kisanskriti na lilipitia Kiajemi na Kiarabu. Popoo nalo ni neno la mkopo. Maneno hayo yalisafiri pamoja na bidhaa zenyewe katika biashara ya Bahari ya Hindi.

Jani la mtambuu likitafunwa pamoja na popoo, chokaa na katu, mate hugeuka mekundu, na midomo hupata rangi iliyokoza. Uraibu huo ulikuwa wa wanaume na wanawake, na ulikuwa sehemu ya ukarimu: mgeni aliyekaribishwa barazani au ukumbini alitengewa tambuu. Midomo mekundu, basi, ilikuwa alama ya mtu aliyekaribishwa na kutunzwa vyema. Haikuhesabiwa kuwa ugeni.

Sambamba na tambuu kulikuwa na mapambo mengine. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utendi aliomtungia binti yake mwaka 1858, anamuusia asiache pete, hina wala wanja. Katika lahaja za kaskazini, kiambishi cha kujirejea ni -i-, hivyo kujipamba huwa kuipamba. Kisarufi, binti anaambiwa ajitendee mwenyewe. Lakini katika mantiki ya utendi, pambo hilo ni sehemu ya wajibu wake kwa mumewe. Hapa pana funzo muhimu: kiambishi cha kujirejea peke yake hakitoi uhuru. Inabidi pia kuuliza pambo ni kwa ajili ya nani.

Swali hilo lilipata uzito mpya Unguja baada ya hadhi ya kisheria ya utumwa kufutwa mwaka 1897. Wanawake waliowahi kuwa watumwa, ambao vazi lao lilikuwa kaniki na nguo nyingine duni, walianza kujivika kanga na mavazi ambayo awali yalihusishwa na waungwana. Walijua walichokuwa wakikitangaza. Kwa mtu ambaye hapo awali alivishwa, kitenzi kujivika kilikuwa na maana ambayo kamusi haiwezi kuimaliza.

3. Kifaa kidogo na matokeo yake

Wakati huohuo, katika nchi za viwanda, rangi ya mdomo ilikuwa ikibadilika umbo. Kampuni ya Guerlain ya Ufaransa ilikuwa imeanza kuiuza kama kijiti mwaka 1870. Vikopo vya chuma vya kusukuma vilitokea Marekani katika muongo wa 1910, na mwaka 1923 James Bruce Mason wa Nashville alipata hataza ya kikopo cha kuzungusha, ambacho ndicho babu wa vikopo vya leo.

Mabadiliko hayo ya kifundi yana maana kubwa kuliko yanavyoonekana. Hina huhitaji mkono wa mtu mwingine na saa nyingi za kukaa bila kufanya kazi, hivyo kwa maumbile yake ni pambo la kupambwa. Tambuu huhitaji wakati na mazungumzo. Kijiti cha rangi hakihitaji mtu wala baraza. Kioo kidogo na nusu dakika vinatosha. Mwanamke aliweza kukitia mkobani, kupaka akiwa safarini, kufuta akighairi na kupaka tena. Kwa mara ya kwanza pambo la mdomo likawa la kujipamba kwa ukamilifu.

Pengine ndiyo sababu kifaa hicho kiliwatia wasiwasi watu wengi, hata huko kilikotengenezwa. Hata hivyo, wenye mamlaka hawakuuona wekundu huo kuwa kosa pale walipouhitaji. Katika Vita vya Pili vya Dunia, kampuni ya Elizabeth Arden ilitoa rangi iliyoitwa Montezuma Red, iliyolinganishwa na mapambo mekundu ya sare za wanawake wa kikosi cha Marine cha Marekani. Rangi iliyoitwa utovu wa adabu mtaani ikawa nidhamu jeshini. Kilichobadilika ni mwamuzi tu.

4. Midomo mekundu na utamaduni wa taifa

Afrika Mashariki, mjadala ulipamba moto baada ya uhuru. Mwaka 1966 Okot p'Bitek alichapisha shairi lake refu, ambalo baadaye lilitafsiriwa kwa Kiswahili na Paul Sozigwa kwa jina Wimbo wa Lawino. Lawino anaidhihaki midomo myekundu ya mke mwenziwe, Clementine, kwa taswira za moto na damu. Dhihaka hiyo ni ya mke aliyeachwa upande, na ina uchungu wa haki. Lakini wasomaji wengi waliichukua kama hukumu ya utamaduni mzima juu ya kipodozi. Ikumbukwe kwamba ni sauti ya mhusika, na kwamba hasira yake kuu inamwelekea mume anayeidharau asili yake.

Miaka miwili baadaye hukumu ilitoka vitabuni ikaingia mitaani. Mnamo Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga vita sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Kabla hata kampeni hiyo, Operesheni Vijana, haijaanza rasmi Januari 1969, makundi ya vijana wa kiume yaliwashambulia wanawake katika eneo la Kariakoo, Dar es Salaam, na polisi wakalazimika kuingilia kati. Orodha ililenga nguo, nywele na ngozi, lakini hoja iliyoibeba, yaani kwamba mwanamke aliyejipamba kwa mtindo wa mjini ameusaliti utamaduni wake, iligusa mkoba mzima wa vipodozi.

Magazeti ya wakati huo yalijaa barua za kuunga mkono na za kupinga. Wapinzani walionyesha utata wa wazi: katika miaka hiyohiyo serikali ilikuwa ikiwahimiza Wamasai waache vazi lao la asili kwa jina la maendeleo. Aidha, suti ya mwanamume, nayo zao la Ulaya, haikuwamo katika orodha. Mzigo wa kuulinda utamaduni ulitwikwa mwili wa mwanamke, ilhali maana ya utamaduni iliamuliwa na wengine. Kwa lugha ya sarufi, alirudishwa katika kauli ya kutendwa.

5. Kuchagua wekundu

Haki ya kuchagua huhitaji pia kitu cha kuchagua. Kwa miongo mingi, rangi za viwandani zilipimwa kwa ngozi nyeupe. Wekundu uliochanganywa na rangi nyeupe nyingi hupauka juu ya ngozi ya maji ya kunde au nyeusi. Tena kwa watu wengi weusi mdomo wa juu ni mweusi kuliko wa chini, hivyo rangi nyepesi huonekana tofauti juu na chini. Huko Marekani, wanamitindo weusi walikuwa wakichanganya rangi wenyewe hadi Eunice Johnson alipoanzisha vipodozi vya Fashion Fair mwaka 1973.

Kiswahili hakijapungukiwa na maneno ya kuongoza uchaguzi huo. Husema nyekundu iliyokoza, iliyoiva, iliyopauka. Na kwa wekundu mzito unaoelekea weusi kina istilahi yake, damu ya mzee, ambayo ndiyo ionekanayo vyema juu ya ngozi nyingi za watu wa pwani na bara. Mwanafunzi wa istilahi angefanya vyema kuyakusanya maneno haya kwa washonaji, wauza kanga na wasusi kabla ya kukimbilia kukopa.

6. Hitimisho

Istilahi rangi nyekundu ya mdomo ina historia ndani yake: rangi ni la Kiajemi, mdomo na shina -ekundu ni ya Kibantu. Anayeipaka huchukua urithi wa bahari na wa bara kwa pamoja, hivyo ni vigumu kumwita mgeni. Vilevile, kitenzi kujiamini kimejengwa kama kujipamba: shina lenye asili ya Kiarabu linalohusu amani na amana, likitanguliwa na kiambishi cha Kibantu. Mwenye kujiamini ni aliyejipa amana juu ya nafsi yake. Anayechagua kupaka na anayechagua kutopaka wote wamo katika kauli hiyo, mradi uchaguzi ni wao.