Makonyo, Mafuta na Bei ya Ng'ambo

Mchumaji wa karafuu hashuki mtini na karafuu tupu. Hushuka na vishada, na jioni watu huketi jamvini kuvichambua: karafuu huku, makonyo kule. Karafuu imeandikiwa vitabu na kutungiwa mashairi. Makonyo hayana mtunzi, ilhali ndani yake mna historia nzima ya bei.

Hapa Lipangalala, Ifakara, ninakokaa, pilau ya mchele wa Kilombero hutaka karafuu chache tu, na mpishi hana habari na mafuta yaliyomo. Viwanda ndivyo vyenye habari nayo. Karafuu kavu ina mafuta yapatayo asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, makonyo 5 au 6, na majani 2 au 3. Hukenekwa kwa mvuke, na sehemu kubwa ya kinachopatikana ni yujenoli, dawa ya zamani ya kutuliza jino.

Mkarafuu wenyewe ni mgeni kwetu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, ukafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Sayyid Said bin Sultan akahimiza upandwe, na mashamba yakalimwa kwa jasho la watumwa waliotolewa bara. Kimbunga cha 1872 kikaangusha mikarafuu mingi ya Unguja; Pemba ikashika uongozi wa zao hili na haijauachia.

Mwishoni mwa karne hiyo wanakemia wa Ulaya walikwisha kujua namna ya kuigeuza yujenoli kuwa vanilini, ladha ya vanila. Karafuu ya Zanzibar ikapata mlango mwingine wa soko, mbali na jikoni. Kisha, katika miaka ya 1930, vanilini ikaanza kutengenezwa kwa mabaki ya viwanda vya karatasi, na baadaye kwa mafuta ya petroli. Hakuna mkarafuu uliokauka kwa ajili hiyo, wala mvua haikukosa kunyesha. Mlango ulifungwa tu, na aliyeufunga hakuwahi kuiona Pemba. Katika muongo huohuo Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichoanzishwa 1927, kilipewa na serikali ya kikoloni mamlaka makubwa juu ya biashara ya zao hili, na India ikaisusia karafuu ya Zanzibar mwaka 1937 hadi 1938. Waliogombana ni wakubwa. Mchumaji alikuwa bado juu ya mti.

Mnunuzi mkubwa wa baadaye alikuwa Indonesia, kwa sigara zake za kretek zinazochanganywa tumbaku na karafuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bei ya dunia ilikaribia dola 9,000 kwa tani. Indonesia ikapanda mikarafuu yake ikajitosheleza, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 bei ilikuwa imeshuka chini ya dola 1,000. Nani angemlaumu kijana wa Pemba aliyeliacha shamba la babu likamea magugu?

Mwaka 2011 Serikali ya Zanzibar ilipandisha sana bei ya mkulima, na ikaahidi kumpa asilimia 80 ya bei ya dunia. Uamuzi huo nauona wa haki, ingawa umechelewa mno. Lakini karafuu ni jambo moja na mafuta ni jingine. Mafuta ya makonyo yanayokenekwa Wawi, Chake Chake, yanakutana sokoni na mafuta ya majani kutoka Indonesia na Madagascar. Majani hupatikana mwaka mzima. Makonyo hungoja mavuno, na mkarafuu huzaa sana mwaka mmoja kisha ukapumzika. Na mnunuzi wa yujenoli haulizi kama imetoka konyoni au janini.

Siku hizi karafuu imestawi hata Uluguru, katika mkoa wetu huu wa Morogoro, na habari za bei yake zinashuka hadi bondeni. Mkulima wa Kilombero akikosea hesabu ya mpunga, hungoja msimu mmoja ajaribu tena. Mkarafuu humngojesha miaka saba au minane kabla ya kuvuna chochote cha maana. Anayetaka kuupanda kwa bei ya leo, mimi humwuliza kwanza atakula nini miaka hiyo yote, na mwaka wa nane atamwuzia nani makonyo.