Njia ya Miguu Ilitangulia: Historia ya Ugomvi wa Barabara Eastlands

Kabla ya uhuru, Jogoo Road ya hapa Eastlands, Nairobi, iliitwa Doonholm Road. Ilielekea Doonholm, shamba la walowezi lililokuwa huko tunakopaita Donholm leo. Pande zake zote mbili, mwaka baada ya mwaka, wakoloni walijenga mitaa ya Waafrika: Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Mbotela, Bahati, Jericho. Wakazi wa mitaa hiyo hawakuwa na magari. Alfajiri, wale wa upande wa Bahati na Jericho walikata barabara, wakapita reli na kuingia Industrial Area kazini. Jioni walirudi kwa njia ileile. Uhuru ulipopatikana barabara ilipewa jina la jogoo, nembo ya chama cha KANU, na magari yakazidi kuongezeka. Mtu wa miguu hakubadilisha njia yake, kwa kuwa nyumba yake na kazi yake zilibaki pale zilipokuwa.

Hapo ndipo ugomvi wa leo ulipoanzia. Simama karibu na City Stadium saa kumi na mbili jioni utausikia ukitamkwa wazi. Dere anafunga breki kwa ghafla, anatoa kichwa dirishani: "Umechoka kuishi?" Anayevuka, mfuko wa unga kwapani, anajibu bila kugeuka: "Kwani hii barabara ni ya babako?" Makanga anapiga bodi ya gari, gari linaondoka, na nyuma yake kundi jingine la watu linashuka ukingoni. Magazeti na redio zetu zimezoea kulieleza jambo hili kama suala la adabu: madereva wakorofi, watembeaji wakaidi. Mimi naamini chanzo chake ni jinsi barabara zilivyochorwa, na michoro hiyo ina umri wa karibu miaka mia moja.

Tuanzie Pumwani. Mtaa wake wa Majengo ulifunguliwa mapema katika miaka ya 1920 kama eneo la kwanza la Waafrika kupangwa na baraza la mji wa Nairobi, na waliopelekwa huko walitolewa katika vijiji vyao vya zamani vilivyokuwa karibu na katikati ya mji. Pangani, kijiji cha Waswahili na wafanyabiashara wadogo, kilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha kikabomolewa na wengi wa wakazi wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Wakati huohuo sheria ya kipande, iliyoanza kutekelezwa kwa nguvu karibu mwaka 1920, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika kubeba kitambulisho chake popote aendapo. Mtembeaji ndiye aliyesimamishwa na kuulizwa anakotoka, ilhali mwenye gari alipita. Tarehe 24 Aprili 1954, katika Operesheni Anvil dhidi ya Mau Mau, wanajeshi na polisi walizingira mitaa ya Eastlands na kuwatoa watu nje kwa maelfu ili wakaguliwe. Jiji hili lilijifunza mapema sana kumwona mtu wa miguu kama mtu wa kudhibitiwa, na sidhani limewahi kulisahau somo hilo.

Hata hivyo, ndani ya mitaa yenyewe mambo yalikuwa tofauti kabisa. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, ni mfano ninaoupenda kuliko yote. Nyumba zake zimezunguka viwanja vya nyasi, na vijia vinakusanyika kuelekea katikati, kwenye ukumbi wa kijamii. Mtoto angeweza kutoka mlangoni kwao hadi uwanjani bila kukutana na gari. Mpango Mkuu wa Nairobi wa mwaka 1948 uliupa mtindo huo uzito rasmi: makazi yagawanywe katika vitongoji vyenye huduma zao, na barabara kubwa zipite pembeni. Wachoraji hawakufanya hivyo kwa sababu ya kuwaheshimu Waafrika. Hawakutarajia kwamba Mwafrika angemiliki gari. Lakini matokeo yake yalikuwa mitaa ambamo mguu ndio uliokuwa na haki ya kwanza, na mtu akipita Kaloleni leo, chini ya ile miti mikubwa, bado anaihisi haki hiyo.

Kasoro ilikuwa pembeni. Ukitoka kwenye kijia, unatupwa kwenye barabara kuu iliyochorwa na watu wale wale kwa ajili ya magari tu. Kati ya mtaa na mtaa, kati ya nyumba na kiwanda, hakuna aliyeketi akajiuliza mtu atavukaje. Mitaa iliyokuja baada ya uhuru ilirithi kasoro hiyo. Buruburu ilianza kujengwa mwaka 1973 ikiwa na kota zilizofungamana vizuri na vijia vya kupita katikati yake. Dandora ilianza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja 6,000 vya watu kujijengea. Umoja ikafuata, halafu Kayole na Komarock. Kila mtaa ulipangwa ndani ya mipaka yake, na katikati ya mipaka hiyo barabara ziliachwa ziwe mito isiyo na vivuko.

Nairobi haikuwa peke yake katika jambo hili. Mtu wa kwanza anayejulikana kuuawa na gari akitembea nchini Uingereza, Bridget Driscoll, alikufa London mwaka 1896, na miaka mingi ilipita kabla ya nchi hiyo kuchora kivuko chake cha kwanza cha milia, mjini Slough mwaka 1951. Marekani, hadi miaka ya 1920, barabara za mijini zilikuwa za kila mtu: wachuuzi, watoto waliocheza, farasi na watembea kwa miguu. Vilabu vya wenye magari pamoja na watengenezaji wa magari vilifanya kampeni kali ya kuwasukuma watu ukingoni, na mwaka 1925 Los Angeles ilipitisha sheria ndogo zilizomfanya anayevuka ovyo kuwa mkosaji. Miji mingi iliiga. Barabara zetu za Eastlands zilijengwa wazo hilo likiwa tayari limeshinda, tukalipokea kana kwamba ni sheria ya maumbile.

Kisha matatu zikaingia. Kenya Bus ilikuwa imehudumia jiji tangu mwaka 1934, na basi lake lilikuwa na vituo maalumu. Mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu za uchukuzi, na kuanzia hapo kituo kikawa popote pale mkono ulipoinuliwa. Nasema hili bila kuzilaumu matatu, maana ndizo zilizoufikia mtaa ambao basi halikufika, na nambari 58 ya Buruburu ni fahari ya watu wengi hadi leo kwa michoro na muziki wake. Ila usafiri huo ulibadilisha ramani ya miguu. Abiria akishushwa upande usio wake, katikati ya njia mbili za magari, anageuka kuwa mtembeaji mahali ambapo barabara haikumtarajia. Na foleni ikizidi, dere anapanda ukingo wa waenda kwa miguu na kuovalap, na mama mboga anakusanya nyanya zake mbiombio.

Februari 2004, sheria za Waziri John Michuki zilianza kutumika: mikanda kwa kila abiria, mstari wa manjano kwenye matatu, vidhibiti mwendo vya kutozidi kilomita 80 kwa saa. Zilisaidia, na wengi wetu bado tunamkumbuka Michuki kwa heshima. Lakini zilimlinda zaidi aliye ndani ya gari. Kilomita 80 kwa saa ni mwendo wa kumuua mtu anayevuka, na hata kilomita 50, kikomo cha kisheria cha mjini, ni hatari kubwa kwa mwili usio na kinga.

Funzo kubwa zaidi lilikuja na barabara za kisasa. Mwaka 2012 Rais Mwai Kibaki alizindua barabara kuu ya Thika, na magari yalikuwa yamekwisha kuizoea kasi yake kabla ya madaraja ya watembeaji kukamilika kila mahali. Watu wa Kasarani, Roysambu na Githurai walilipa gharama hiyo kwa maisha yao. Ungefikiri tungejifunza. Miaka michache baadaye Outering ilipanuliwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, takriban kilomita 13 kutoka Thika Road hadi Taj Mall, ikipita kati ya mitaa yenye watu wengi kuliko karibu popote jijini: Mathare North, Kariobangi, Umoja, Donholm. Hadithi ikajirudia neno kwa neno. Lami ilitangulia, kasi ikafuata, vivuko vikaja mwisho. Katika muda huo watu waligongwa wakienda sokoni Mutindwa, wakienda kanisani, wakienda shule. Sijawahi kuelewa ni kwa nini mkandarasi anaruhusiwa kufungua barabara ya magari kabla ya kumaliza njia ya watu, wakati zote mbili zimo katika kazi ile ile aliyolipwa.

Madaraja yalipofika, lawama zilibadilika rangi. Sasa mtembeaji anaambiwa: daraja lipo, kwa nini unapita chini? Polisi wamewahi kufanya misako katika barabara kuu za Nairobi na kuwakamata wanaovuka chini ya daraja. Nenda ukaliangalie daraja lenyewe. Njia ya kupandia imenyooka mbali na hujikunja kabla ya kuvuka, kwa hiyo umbali wa hatua thelathini unageuka kuwa mwendo wa dakika kadhaa. Juu kuna wachuuzi wa soksi na chaja za simu, na bodaboda inapita katikati ya watu ikipiga honi. Usiku taa hazipo, na wasichana wanaotoka zamu ya jioni wanajua ni daraja lipi mtu huporwa. Mwenye mkokoteni uliojaa viazi hawezi hata kufikiria kupanda. Chini, uzio wa katikati ya barabara umepindwa nondo mbili, pengo limeng'arishwa na mabega ya wapitaji, na mbele ya pengo hilo udongo umekandamizwa ukawa njia. Pengo hilo liko pale pale kijia cha mtaa kilipoelekea siku zote. Mhandisi mwenye macho angeona kwamba ameonyeshwa bure mahali pa kuweka kivuko.

Haki itendeke kwa madereva pia. Dere wa matatu ana hesabu ya kumpelekea mwenye gari kila siku, na akichelewa round moja ameikosa. Analipishwa na huyu, anasimamishwa na yule, na barabara aliyopewa ni pana, imenyooka, haina matuta wala taa: kila kitu kinamwambia aende. Saa mbili usiku mtu mwenye nguo nyeusi anaposhuka ukingoni mahali pasipo na mwanga, hata dereva mwangalifu anaweza kumwona akiwa amechelewa. Nimeongea na madereva ambao mtu waliyemgonga hawajamsahau. Wao na watembeaji wamewekwa kwenye mtego mmoja, ila nguvu zao ndani ya mtego huo hazilingani. Mmoja akikosea anapoteza dakika au leseni, mwingine anakufa.

Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani zimesema jambo lile lile mwaka baada ya mwaka: watembea kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi la wanaokufa barabarani Kenya, zaidi ya theluthi moja ya vifo vyote. Mwaka 2024 vifo vyote vya barabarani vilikuwa 4,748. Na jijini Nairobi, safari zipatazo nne kati ya kumi ni za miguu mitupu, bila kuhesabu kutembea kwenda steji.

Kaunti inalijua hili. Machi 2015, wakati wa Gavana Evans Kidero, Nairobi ilizindua sera ya usafiri usiotumia injini, ambayo iliahidi kwamba angalau asilimia 20 ya bajeti ya barabara itaenda kwa watembeaji na waendesha baiskeli. Ilikuwa ahadi nzuri, na tangu hapo njia za miguu zimejengwa, nyingi zikiwa katikati ya jiji na pande za magharibi. Huku Eastlands, ambako watembeaji ndio wengi zaidi, njia ya kando bado mara nyingi ni vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua, imekaliwa na magari yaliyoegeshwa na vibanda ambavyo kanjo huvibomoa asubuhi na kurudi jioni vinapokuwa vimesimama tena.

Mtihani unaofuata umekaribia. Mpango wa mabasi ya mwendo wa kasi umeitaja Outering kuwa mojawapo ya njia zake, na mabasi ya aina hiyo kwa kawaida hupita katikati ya barabara. Kila abiria wake atalazimika kuvuka nusu ya barabara akienda, na tena akirudi: mzee mwenye goti bovu, mama aliyembeba mtoto, mwanafunzi, hamali. Kama vituo vitafikiwa kwa ngazi na madaraja pekee, ule uzio utapindwa tena. Kama vitafikiwa kwa vivuko vya chini vilivyoinuliwa, vyenye taa zinazoyasimamisha magari, pale pale vijia vya mtaa vinapotokea, basi kwa mara ya kwanza tangu enzi ya Doonholm Road barabara kubwa ya Eastlands itakuwa imechorwa kwa kumfikiria anayeivuka. Wakazi wa Umoja, Kariobangi na Mathare North wanastahili kuletewa michoro hiyo kwenye mabaraza yao na kuonyesha kwa kidole wanapovuka kila siku, kabla tenda haijatiwa saini.