Damu Ilitangulia, Wenyewe Wakafuata

Mwaka 1949 mwanafunzi mmoja wa udaktari alizunguka Kenya akikusanya damu za watu. Jina lake Anthony Allison. Alizaliwa Afrika Kusini, akakulia shambani Gilgil katika Bonde la Ufa, akaenda kusoma Oxford, na sasa alirudi na msafara wa chuo hicho uliokuja Mlima Kenya. Alikuwa akipima makundi ya damu ya makabila mbalimbali, na katika vipimo hivyo akaongeza kimoja: nani ana chembe nyekundu zinazojikunja kama mundu.

Matokeo yalimshughulisha sana. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mtu mmoja katika kila watano alikuwa amerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja. Nyanda za juu hakufika hata mmoja katika mia. Mtoto anayeirithi kutoka kwa baba na mama hupata ugonjwa wa selimundu, ule ambao majumbani tunauita sikoseli, na zamani wengi wa watoto hao walifariki kabla ya umri wa kuoa au kuolewa. Jeni inayoua watoto ilipaswa kupungua kizazi hadi kizazi. Iweje basi ijae Pwani na Nyanza, ikose Nyeri? Aliyekulia Kenya hakuhitaji kuelezwa tofauti ya sehemu hizo. Huku kuna mbu na malaria. Kule kuna baridi.

Mwaka 1953 Allison alirudi Afrika Mashariki kulijaribu wazo lake. Karibu na Kampala alipima watoto 290 wa Kiganda. Waliokuwa na jeni moja ya selimundu, asilimia 28 hivi walikutwa na vimelea vya malaria. Wasiokuwa nayo, karibu asilimia 46. Kisha akafanya jambo zito zaidi. Walipatikana wanaume 30 Waluo waliojitolea, nusu wakiwa na jeni hiyo na nusu hawana, wakaambukizwa malaria kwa makusudi. Katika 15 wasio na jeni, 14 walipata malaria. Katika 15 wenye nayo, wawili tu.

Makala yake ilitoka mwaka 1954 katika British Medical Journal, na hadi leo hakuna kitabu cha maana cha jenetiki kisichoitaja. Wanasayansi walikuwa wameona kwa mara ya kwanza, kwa ushahidi usiokwepeka, mazingira yakichagua jeni ndani ya miili ya binadamu: mzazi aliyebeba jeni moja alilindwa dhidi ya malaria, na gharama ya kinga hiyo ikalipwa na watoto waliorithi mbili. Majaribio ya kuwaambukiza watu malaria bado yanafanywa, hata Kilifi, lakini leo kuna kamati ya maadili inayohoji kila hatua, na mshiriki huelezwa kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia saini. Wale Waluo 30 waliishi katika koloni. Walichangia ugunduzi mkubwa wa karne, na majina yao hayamo katika vitabu.

Nalisema hili bila kumpunguzia Allison heshima yake. Sayansi ya jeni ina deni kwa Afrika Mashariki, na kwa miaka mingi deni hilo halikulipwa kwa kitu pekee kinacholingana nalo, yaani nafasi ya watu wa huku kuuliza maswali yao wenyewe. Allison hakuwa peke yake. Mwaka huohuo wa 1949 watafiti Lehmann na Raper walichapisha takwimu za selimundu kutoka Uganda, zilizoonyesha kwamba miongoni mwa Baamba, magharibi mwa nchi, karibu asilimia 45 walibeba jeni hiyo. Mtafiti mwingine, Beet, naye aliandika kuhusu urithi wake kutokana na familia za Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Ukisoma makala za miaka ile unaona damu ya Mwafrika kila ukurasa. Mwandishi Mwafrika humwoni.

Mtu aliye nje ya taaluma anaweza kudhani kikwazo kilikuwa shule na maabara pekee. Shule zilikuwa chache, ndiyo, lakini kulikuwa na pengo jingine lisilosemwa sana, nalo ni chama. Mtafiti hupata riziki yake kwa habari: mkutano ujao uko wapi, muhtasari wa utafiti upelekwe kabla ya tarehe gani, chuo kipi kina nafasi ya uzamivu, mfuko upi unalipa nauli ya kijana aliyeanza kazi juzi, nani ana mashine ya kusoma vinasaba na yuko tayari kupokea mgeni kwa miezi mitatu. Habari hizo hupita ndani ya vyama vya kitaaluma, kwa barua kwa wanachama na kwa mazungumzo ya chai kati ya mhadhara na mhadhara. Asiye mwanachama huzisikia fursa zikiwa zimekwisha. Uingereza ilikuwa na chama cha jenetiki tangu mwaka 1919, kilipoasisiwa na William Bateson na Edith Rebecca Saunders. Marekani ilipata chama cha jenetiki ya binadamu mwaka 1948, mwaka mmoja kabla ya Allison kuanza kuchukua damu Kenya.

Afrika ilisubiri miaka 55 zaidi. Chama cha Jenetiki ya Binadamu cha Afrika kilizaliwa mwaka 2003 katika mkutano wa Accra, na rais wake wa kwanza alikuwa Charles Rotimi, mzaliwa wa Benin City, Nigeria, aliyekuwa wakati huo Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Mwaka wenyewe una uzito wake. Aprili 2003 mradi wa kimataifa wa kusoma jenomu ya binadamu ulitangazwa kukamilika, na mbio za kutumia maarifa hayo kutafuta dawa zilikuwa zimeanza. Rotimi na wenzake waliona Afrika ikielekea kubaki tena mahali pa kuchotea sampuli.

Hofu yao ilikuwa na msingi. Mradi wa HapMap, wa kuorodhesha tofauti za vinasaba vya binadamu, ulitumia vinasaba vya Wayoruba wa Ibadan, kisha ukaongeza Waluhya wa Webuye na Wamasai wa Kinyawa. Ridhaa iliombwa na jamii zikashirikishwa, hatua kubwa ukilinganisha na 1953. Chembe za watu hao zimehifadhiwa katika taasisi ya Coriell, Camden, New Jersey, na mtafiti wa Tokyo au Boston huandika herufi LWK kila siku akimaanisha watu wa Webuye. Wangapi Webuye wanalijua hilo? Mwaka 2016 jarida la Nature lilichapisha hesabu ya tafiti za jenomu zinazohusisha jeni na magonjwa: asilimia 81 ya washiriki walikuwa wa asili ya Ulaya, na wa asili ya Afrika asilimia 3. Dawa inayobuniwa kwa kutazama asilimia 81 hiyo si lazima ifanye kazi sawasawa kwa mgonjwa wa Mbeya.

Chama kikaanza kuhama mji hadi mji: Cairo, Yaoundé, Cape Town. Mkutano wa Yaoundé, mwaka 2009, ndio uliogeuza mambo. Hapo wanachama walijadiliana na wafadhili wa Marekani na Uingereza namna ya kufanya utafiti wa jenomu ndani ya Afrika, na Juni 2010 mpango wa H3Africa ukatangazwa London. Katika miaka yake kumi zilitumika takriban dola milioni 176. Fedha ni nyingi, lakini jipya zaidi lilikuwa sharti lake: zipelekwe kwa taasisi za Afrika, na mtafiti wa taasisi hizo awe kiongozi wa mradi. Benki za sampuli zikajengwa Uganda, katika Chuo Kikuu cha Makerere, na pia Nigeria na Afrika Kusini. Mtandao wa H3ABioNet, chini ya Nicola Mulder wa Cape Town, ukafundisha uchambuzi wa data kwa madarasa yaliyounganishwa kwa video, mwalimu akiwa nchi moja na wanafunzi nchi kadhaa. Kwa mwanafunzi asiye na nauli wala viza, sijui fursa iliyokuwa na thamani kuliko hiyo.

Matunda yakaonekana. Oktoba 2020 watafiti wa mpango huo walichapisha uchambuzi wa jenomu za watu 426 kutoka makundi 50 ya lugha, wakapata tofauti za vinasaba zaidi ya milioni tatu ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Waliona pia dalili kwamba Zambia ilikuwa kituo katika safari ya kale ya wazungumzaji wa lugha za Kibantu kuelekea mashariki na kusini, jambo linalotuhusu sisi tunaosoma makala hii kwa Kiswahili.

Mwaka 2018 chama kilikutana Kigali. Rwanda na Tanzania sasa zina vyama vyao vya jenetiki ya binadamu.

Na selimundu? Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 kila mwaka wanaozaliwa nayo. Muhimbili, Dar es Salaam, timu ya Julie Makani ilianza mwaka 2004 kufuatilia wagonjwa mmoja mmoja kwa miaka, kazi ya uvumilivu isiyokuwa na shangwe, na kutokana nayo likaibuka swali ambalo Allison hakulifikia: kwa nini watoto wawili wenye jeni zilezile mbili, mmoja alazwe kila mwezi na mwingine aende shule? Jibu mojawapo ni himoglobini ya kitoto, ile tunayozaliwa nayo, ambayo kwa watu wengine haishuki sana wanapokua. Mwaka 2014 Siana Nkya Mtatiro na wenzake walichapisha uchambuzi wa jenomu nzima za wagonjwa Watanzania zaidi ya 1,200 kuhusu himoglobini hiyo, na BCL11A ikajitokeza miongoni mwa jeni zinazoitawala.

BCL11A ndiyo jeni inayolengwa na Casgevy, tiba ya kuhariri vinasaba iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Hidroksiyurea, dawa ya kumeza inayopandisha himoglobini hiyohiyo, ni nafuu kupita kiasi cha kulinganisha, na utafiti uliofanywa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda ulionyesha kwamba watoto walioitumia walipungukiwa na maumivu, malaria na vifo. Watoto hawaipokei sawa, na vinasaba vyao vina sehemu katika sababu. Utafiti wa hilo unahitaji wagonjwa wengi, na wagonjwa wengi wako huku. Mara hii, tangazo la nafasi za kuufanya linapaswa kutoka Dar es Salaam, Kampala au Kilifi, na wanachama wa ng'ambo waombe kujiunga.