Mapokezi na Makabidhiano: Historia Fupi ya Mlango wa Waandishi wa Kujitolea

Katika diko la Chwaka, upande wa mashariki wa kisiwa cha Unguja, mvuvi mgeni aliyekuja dago hatandi nyavu zake mara tu afikapo. Yampasa kwanza ajitambulishe kwa sheha na kwa bwana diko, aelezwe mitego inayokubaliwa na ile iliyokatazwa, ndipo avue pamoja na wenyeji. Ghuba ya Chwaka imepata kuona ugomvi mkubwa baina ya wenye nyavu za kukokota na wenye madema. Kwa hiyo taratibu ya kumpokea mgeni si adabu tu, bali ni hifadhi ya mali ya wote.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wageni walivyopokewa katika kazi ya kuiandika lugha yetu, na kupendekeza istilahi za jambo hilo kwa wakati huu, ambapo kamusi, ensaiklopidia na miongozo ya programu huria huandikwa na watu wa kujitolea ambao aghalabu hawajapata kuonana.

Hapo kale mlango ulikuwa mwembamba. Askofu Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, alichapisha kitabu chake cha sarufi na msamiati mwaka 1870. Elimu aliipata kwa wenyeji, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwake. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tarehe 1 Januari 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, kwa miaka mingi ya mwanzo Kamati hiyo haikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja. Maneno ya mvuvi wa Chwaka yaliingia kamusini, pale yalipoingia, kwa mkono wa mtu mwingine.

Mlango ulianza kupanuka pale kazi ilipohamia katika kompyuta. Mwaka 1994 mradi wa kamusi ya Kiswahili ya intaneti ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, nao ukawaita wasemaji wa Kiswahili popote walipo wachangie maneno. Mwaka 2003 ikafunguliwa Wikipedia ya Kiswahili, ambayo mtu yeyote aweza kuhariri kurasa zake nyingi bila ya kuomba idhini. Mamlaka ya kufuta ukurasa, kuulinda, au kumzuia mharibifu yamewekwa mikononi mwa wachache waliokubaliwa na wenzao, nao huitwa wakabidhi.

Istilahi hii yafaa tuitazame vizuri. Asili yake ni Kiarabu, na maana ya mzizi wake ni kushika kwa mkono. Watumishi wa serikali wa Tanzania wanalijua neno hilo katika cheo cha Kabidhi Wasii Mkuu. Katika Kiswahili, kumkabidhi mtu kitu ni kukitia mkononi mwake akitunze. Lakini kamusi za zamani zimemtaja mkabidhi pia kwa maana ya mtu mwenye kubana mali. Basi neno ni moja, na mikono ni miwili: mmoja watoa, mwingine umefumba. Kila mradi wa kujitolea hauna budi kuchagua.

Funzo moja lilipatikana mwaka 2009 na 2010, wakati kampuni ya Google ilipoendesha shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Makala ziliongezeka upesi, lakini shindano lilipokwisha washiriki wengi hawakuendelea. Kwa maoni yangu, wageni hao waliitwa kwa zawadi, wala hawakukabidhiwa kitu cha kukitunza.

Napendekeza, basi, tutofautishe hatua mbili. Ya kwanza ni mapokezi: mgeni aonyeshwe kanuni, apewe kazi ndogo kama kusahihisha tahajia, na awepo mwenyeji mmoja wa kumjibu. Ya pili ni makabidhiano: baada ya kazi yake kupitiwa mara kadhaa na kuonekana safi, apewe ufunguo wa kuchapisha mwenyewe, na jambo hilo liandikwe hadharani. Maofisini makabidhiano hutiwa saini na pande mbili, na kiambishi -an- katika neno lenyewe chashuhudia hivyo: anayetoa ana wajibu, na anayepokea ana wajibu.

Jambo hili si la istilahi tupu. Mwalimu wa Chwaka ajuaye kutofautisha mkandaa, mchu na msinzi ana elimu ambayo kamusi zetu bado zinaihitaji. Akisubirishwa mlangoni bila ya jibu atarudi kwake, na maneno yake atarudi nayo. Akipokewa kisha akakabidhiwa, kesho yeye ndiye atakayempokea mwingine.